Nahodha Joshua Slocum: Mtu wa Kwanza Kuizunguka Dunia Peke Yake kwa Tanga

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi mlio bado madarasani, mtu tuliyemchagua kwa ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri ni mtu ambaye shule yake ilikatika akiwa na umri wa miaka 10 hivi. Huenda wengine wakajiuliza mtu wa namna hiyo anatafuta nini katika jarida la shule. Tunaomba wasome mpaka mwisho.

Jina lake ni Joshua Slocum. Kati ya mwaka 1895 na mwaka 1898 aliizunguka dunia nzima katika mashua ya tanga yenye urefu usiotimia futi 37, bila baharia wa kumsaidia, bila injini, na bila redio. Kabla yake hakuna mtu aliyejulikana kuwa amefanya hivyo. Tena hakuwa kijana. Alipong'oa nanga alikuwa na miaka 51, hana kazi, na ufundi aliousomea maisha yake yote ulikuwa umepitwa na wakati.

UTOTO WAKE

Slocum alizaliwa tarehe 20 Februari, 1844, mahali paitwapo Mount Hanley, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, karibu na Ghuba ya Fundy, ambako maji ya bahari hujaa na kupwa kuliko mahali pengine popote duniani. Alikuwa mtoto wa tano katika jamaa ya watoto 11. Baba yake alikuwa mkulima. Shamba lilipomshinda alihamia kisiwa cha Brier, akafungua kibanda cha kushona mabuti ya wavuvi. Huko ndiko Joshua alikowekwa kufanya kazi kutwa kucha baada ya kutolewa shuleni.

Mzee huyo alikuwa shemasi wa kanisa na mtu mkali sana. Inasimuliwa kwamba siku moja alimkuta mwanawe amejificha, anachonga mfano wa merikebu. Akauvunja vipande vipande. Lakini moyo wa kijana ulikuwa umekwisha kwenda baharini. Alipofika miaka 14 alitoroka, akaandikwa mpishi katika chombo cha wavuvi. Wavuvi walipoonja upishi wake walimfukuza siku hiyo hiyo, naye akarudi nyumbani kwenye mabuti. Mwaka 1860 mama yake alifariki. Joshua, akiwa na miaka 16, aliondoka moja kwa moja.

KUTOKA BAHARIA HADI NAHODHA

Aliajiriwa katika merikebu za Waingereza zilizokwenda China na visiwa vya mashariki. Wenzake walipolala au kucheza karata yeye alikuwa akijisomea unajimu wa baharia, yaani elimu ya kutambua chombo kilipo kwa kulipima jua, mwezi na nyota. Alipokuwa na miaka 18 alifaulu mtihani wa serikali ya Uingereza, akapata cheti cha msaidizi wa pili wa nahodha. Mwaka 1865 akawa raia wa Marekani, na mwaka 1869 akapewa chombo chake cha kwanza kukiongoza.

Mwezi Januari 1871, mjini Sydney nchini Australia, alimwoa Virginia Walker. Bibi huyu alikubali kuishi baharini na mumewe. Watoto wao walizaliwa ndani ya merikebu au bandarini, katika nchi mbalimbali. Walizaa watoto saba, wakapona wanne. Slocum alipanda cheo mpaka akawa nahodha na mmoja wa wenye hisa wa Northern Light, merikebu kubwa na nzuri kuliko zote alizopata kuziongoza.

Hata hivyo, hakuwa malaika. Kama manahodha wengi wa enzi zile alitawala kwa mkono wa chuma, na alipata kuhukumiwa mahakamani kwa kumfunga minyororo baharia wake. Katika merikebu yake nyingine, Aquidneck, mabaharia wawili walimvamia usiku mwaka 1887 huko Brazil. Alimpiga mmoja risasi akafa na mwingine akamjeruhi. Alishtakiwa, na mahakama ikamwachilia.

MIAKA YA MISIBA

Virginia alifariki ghafla mwezi Julai 1884, merikebu ikiwa imetia nanga Buenos Aires. Waliomjua Slocum walisema kwamba tangu siku hiyo hakuwa mtu yule yule. Mwaka 1886 alimwoa binamu yake, Henrietta Elliott. Mwishoni mwa mwaka 1887 Aquidneck ilipanda fungu la mchanga huko Brazil, ikavunjika. Haikuwa na bima. Nahodha akabaki ufukweni katika nchi ya ugeni, pamoja na mkewe na watoto wawili, mali yote imekwenda.

Hakwenda kuomba nauli. Kwa mbao zilizookolewa na miti aliyoikata mwenyewe aliunda mashua ya futi 35. Mkewe alishona matanga. Mashua iliteremshwa majini tarehe 13 Mei, 1888, siku ambayo utumwa ulifutwa nchini Brazil, naye akaiita Liberdade, yaani Uhuru. Katika mashua hiyo jamaa nzima ilisafiri maili 5,500 mpaka Marekani. Walipofika, Henrietta alisema bahari sasa basi.

Kwa kweli hata bahari yenyewe ilikuwa haimtaki tena mumewe. Enzi ya merikebu za matanga ilikuwa inakwisha. Wenye mali walitaka meli za moshi, ambazo haziungojei upepo. Northern Light, ile aliyojivunia, iling'olewa milingoti yake ikafanywa tishari la makaa ya mawe. Manahodha waliokuwa mabwana wa bahari walizunguka bandarini wakitafuta vibarua. Slocum alifanya kazi ya useremala katika viwanda vya kuundia vyombo mjini Boston, na hata hiyo hakuipata kila siku.

MASHUA ILIYOTUPWA SHAMBANI

Siku moja katika majira ya baridi ya mwaka 1892 alikutana na rafiki yake, mzee Eben Pierce, aliyekuwa zamani nahodha wa kuwinda nyangumi. Mzee Pierce alimwambia kwamba anayo mashua ya kumpa bure huko Fairhaven, ila inahitaji matengenezo kidogo. Slocum alikwenda kesho yake. Akakuta dude bovu limeegemezwa shambani, mbali na maji, limefunikwa turubai. Ilikuwa mashua kongwe ya wavuvi wa chaza, na jina lake Spray. Pierce alikuwa amemfanyia mzaha.

Watu wa kijiji walidhani amekuja kuipasua kuni. Alipowaambia ataijenga upya, walishangaa. Slocum akachukua shoka, akaangusha mwaloni uliokuwa karibu, akauchonga kuwa mkuku mpya. Akapinda mataruma kwa mvuke, akapigilia mbao mpya, akaweka mlingoti mpya, akatia kalafati kila ufa kwa mkono wake. Kila kipande kibovu alichokitoa alitia kizima, mpaka mashua ya zamani ikabaki jina tu. Kazi hiyo ilichukua miezi 13. Vifaa vilimgharimu dola 553 na senti 62. Alijaribu kuvua samaki kwa msimu mmoja, akaona hana bahati katika uvuvi. Ndipo alipokata shauri la kuizunguka dunia.

SAFARI YAANZA

Aling'oa nanga Boston tarehe 24 Aprili, 1895. Akapitia kisiwa alichokulia, na mwanzoni mwa Julai akaiacha Nova Scotia kuelekea mashariki.

Hapa inafaa tueleze jinsi alivyojua njia. Ili baharia ajue amefika wapi upande wa mashariki au magharibi, lazima awe na saa isiyokosea. Slocum alikuwa na saa ya kibaharia, lakini kuitengeneza kulitaka dola 15, naye akaiacha nyumbani. Badala yake alinunua saa ya bati kwa dola moja, tena alipunguziwa bei kwa sababu kioo chake kilikuwa kimevunjika. Baadaye saa hiyo ilipoteza mkono wa dakika, na iliposimama kabisa aliichemsha katika maji ikaanza kutembea tena. Kwa hiyo alitegemea hesabu. Alikadiria mwendo wa mashua na upande inakoelekea, na mara chache alipima pembe kati ya mwezi na jua, kisha akapiga hesabu ndefu ambazo manahodha wengi wa siku zile walikuwa wamezisahau.

Alifika visiwa vya Azores tarehe 20 Julai. Huko walimpa matunda na jibini nyeupe. Alipovila pamoja akiwa baharini aliugua tumbo, akaanguka chini akiweweseka. Katika homa hiyo aliota kwamba rubani wa moja ya vyombo vya Columbus ameshika usukani. Alipopata fahamu aliikuta mashua imekwenda njia yake barabara usiku kucha.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri kubwa ya Spray. Mkuku wake mrefu na matanga yaliyopangwa sawasawa viliifanya ishike njia bila mtu usukanini. Slocum alifunga usukani kwa kamba, akaenda kupika, kusoma vitabu, au kulala.

Kutoka Gibraltar alitaka kupita Bahari ya Kati na Mfereji wa Suez. Maofisa wa Kiingereza walimwonya juu ya maharamia, naye akageuza, akavuka tena Atlantiki kuelekea Brazil. Hata hivyo chombo cha maharamia kilimfukuza karibu na pwani ya Moroko. Kilipokuwa karibu kumshika, wimbi kubwa liliupiga mlingoti wao ukaanguka. Mwezi Desemba 1895 alipanda mwamba wa mchanga katika pwani ya Uruguay. Alipokuwa anapeleka nanga kwa mtumbwi ili aivute mashua, mtumbwi ulipinduka. Na hapa wanafunzi msicheke: mtu huyu aliyekusudia kuizunguka dunia hakujua kuogelea. Aling'ang'ania mtumbwi mpaka akaokoka.

MLANGO WA MAGELLAN

Shida kubwa ilikuwa kusini mwa Amerika. Aliingia Mlango wa Magellan mwezi Februari 1896. Wakati ule walowezi wenye kondoo walikuwa wanawanyang'anya wenyeji wa nchi ile ardhi yao na kuwaua, hivyo kila mgeni alihesabiwa adui, na mtu aliyelala peke yake alikuwa hatarini. Mkaaji mmoja wa mji wa Punta Arenas alimpa Slocum mfuko wa misumari midogo ya mazulia. Nahodha akaimwaga usiku juu ya sitaha, ncha juu, akalala. Wavamizi walipopanda kwa miguu mitupu walipiga kelele, wakajitupa majini.

Alitoka kwenye Bahari ya Pasifiki tarehe 3 Machi. Tufani ikamkamata, ikampasulia tanga kubwa, ikamsukuma siku nyingi kuelekea Rasi ya Horn. Usiku mmoja alijikuta katikati ya miamba inayopasua mawimbi pande zote, mahali ambapo mwanasayansi Charles Darwin aliyapita akashangaa. Slocum alipenya humo gizani, mvua ya mawe ikimpiga usoni mpaka damu ikatoka. Mapambazuko yalipofika alitambua kwamba amerudi ndani ya njia zile zile za Magellan. Akaanza upya. Akashona matanga, akaokota shehena ya mafuta ya wanyama iliyotupwa na bahari, akajaribu kutoka, akarudishwa na upepo, akajaribu tena. Tarehe 13 Aprili ndipo alipotoka kweli.

PASIFIKI NA BAHARI YA HINDI

Alitia nanga kisiwa cha Juan Fernandez, alikopata kukaa peke yake yule Alexander Selkirk ambaye habari zake zilizaa hadithi ya Robinson Crusoe. Wenyeji walipenda vitumbua alivyovikaanga, naye akawafundisha kuvipika na kuwauzia mafuta aliyoyaokota.

Toka hapo alikwenda siku 72 bila kutia nanga mpaka Samoa. Siku ya 43 alipima mwezi, na jibu likawa mbali kabisa na makadirio yake. Mtu mwingine angejilaumu. Slocum alirudia hesabu hatua kwa hatua, akagundua kwamba kosa halikuwa lake: lilikuwa limechapwa katika majedwali ya kitabu. Alipolisahihisha, hesabu mbili zilipishana kwa maili tano tu. Kisiwa cha Nukahiva kikaonekana pale pale kilipopasa kuonekana.

Upweke ulikuwapo. Ili asisahau kusema alitoa amri kwa sauti kubwa kana kwamba yupo baharia usukanini, na aliimba.

Fedha nazo zilikuwa haba. Mjini Melbourne walimtoza ushuru wa bandari, naye akaanza kuwatoza watu senti za kiingilio kuiona mashua. Watazamaji walipopungua alimvua papa wa futi 12 na inchi 6, mwenye watoto 26 tumboni, akawatoza kumtazama papa.

Kutoka kisiwa cha Thursday, kaskazini mwa Australia, mpaka visiwa vya Cocos ni maili 2,700. Alizikata kwa siku 23, na katika muda wote huo hakushika usukani zaidi ya saa tatu hivi. Alisukumwa na upepo wa kusini mashariki uvumao bila kugeuka, ndugu wa kusi tunayoijua sisi huku pwani. Alipofika kisiwa cha Rodrigues, padri alikuwa amewahubiria watu habari za Mpinga Kristo, na walipoona tanga geni likiingia na mtu mmoja ndani, bibi mmoja mzee alijifungia nyumbani.

Slocum hakuja kwetu. Alipitia Mauritius, na tarehe 17 Novemba, 1897, akaingia Durban. Huko alikutana na Henry Morton Stanley, yule aliyemfuata Livingstone Ujiji mwaka 1871. Stanley alimuuliza ingekuwaje kama mashua ingegonga mwamba, naye akamjibu kwamba kazi ya baharia ni kutougonga. Huko Pretoria alipelekwa kwa Rais Kruger, ambaye aliamini kwamba dunia ni bapa na akakataa kabisa kwamba mtu anaweza kuizunguka.

KURUDI NYUMBANI

Aliondoka Cape Town tarehe 26 Machi, 1898. Kisiwani St Helena alipewa mbuzi, na mbuzi huyo akamla ramani ya visiwa vya Karibi. Tarehe 8 Mei, karibu na pwani ya Brazil, alikata njia aliyoipita mwaka 1895. Hapo duara lilikuwa limekamilika. Siku chache baadaye manowari Oregon ya Marekani ilimpita mbio, ikimuuliza kwa bendera kama ameona manowari za adui. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba nchi yake inapigana na Hispania. Akajibu kwamba hakuziona, kisha akapendekeza waandamane ili walindane.

Tarehe 27 Juni, 1898, saa saba ya usiku, alitia nanga Newport. Alikuwa amekwenda maili 46,000 kwa miaka mitatu na miezi miwili. Siku chache baadaye aliirudisha Spray Fairhaven, akaifunga kwenye kigingi kile kile ilichofungwa siku ilipoteremshwa majini.

MWISHO WAKE

Mwaka 1900 kitabu chake cha safari hiyo kilitolewa, kikampatia sifa na fedha. Mwaka 1902 alinunua shamba katika kisiwa cha Martha's Vineyard. Nchi kavu haikumkalisha. Kila majira ya baridi alikwenda Karibi peke yake, na yeye na mkewe waliishi mbalimbali. Mwaka 1906, huko New Jersey, alishtakiwa kwa kosa la aibu dhidi ya msichana wa miaka 12. Hakulipinga shtaka, na alikaa gerezani siku 42. Tunaliandika jambo hili kwa sababu maisha ya mtu hayasimuliwi kwa kuchagua mazuri tu.

Waliomtembelea miaka hiyo ya mwisho waliona kwamba Spray imechakaa na kamba zake zimechoka. Mwezi Novemba 1909, akiwa na miaka 65, alitweka tanga kuelekea Amerika ya Kusini, akikusudia kuuchunguza mto Orinoco. Hakuonekana tena, wala hakikupatikana hata kipande cha ubao. Mwaka 1924 mahakama ilimtangaza kuwa amekufa.

Baada yake wengine wamefuata. Harry Pidgeon alizunguka mwaka 1921 hadi 1925. Robin Knox-Johnston alizunguka bila kutia nanga popote mwaka 1968 hadi 1969. Krystyna Chojnowska-Liskiewicz wa Poland akawa mwanamke wa kwanza, mwaka 1976 hadi 1978.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wanafunzi wa sasa, msije mkadhani kwamba Slocum ni ushahidi wa kuidharau shule. Alinyimwa shule, akaitafuta gizani ndani ya merikebu, na hesabu aliyojifunza kwa taabu ndiyo iliyomwonyesha kosa la kitabu katikati ya Pasifiki. Anayezikimbia hesabu leo akumbuke kwamba nahodha huyu hakuwa na kitu kingine cha kumwambia alipo.

Na sisi wa zamani, wengi wetu tumekwisha pita miaka 50. Wapo tuliosomea kazi ambazo mitambo imezichukua, na wapo walioambiwa na waajiri wao kwamba muda wao umekwisha. Slocum alipotupwa hakungoja enzi ya matanga irudi, maana haikurudi. Alichukua chombo kilichotupwa kama yeye, akatazama mbao moja moja, iliyooza akaitoa, nzima akaiacha. Miezi 13 ya shoka na kalafati ndiyo iliyoivusha Spray katika Magellan, kabla ya bahati yoyote. Miaka 14 baada ya safari hiyo kuanza, mashua ile ile, mikononi mwa nahodha yule yule, iliondoka na kamba zilizochakaa.